Boti Iliyofungwa Matema kama Nyumba ya Wikiendi: Mwongozo Kamili

Ijumaa saa nane mchana unatoka Mbeya mjini umevaa sweta. Unapita Uyole, unakatiza Tukuyu kwenye ukungu na migomba, na ukifika Ipinda sweta limeshahamia kiti cha nyuma. Ndani ya saa tatu hadi nne umeshuka kutoka mita 1,700 hivi mpaka chini ya mita 500, na mbele yako lipo Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama pembeni kama ukuta. Watu wengi hapo wanatafuta chumba cha kulala. Mimi na mdogo wangu tunatafuta mtumbwi wa kutuvusha mita mia na hamsini hadi kwenye boti yetu, tunalala humo Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili tunarudi mlimani.

Tangu tuanze, maswali ninayoulizwa ni ya bei na injini. Hayo yana majibu mepesi. Swali gumu ni hili: boti inakaa na wewe siku mbili, inakaa peke yake siku tano. Kila unachonunua, kufunga au kupigilia kifikirie kwanza kwa zile siku tano. Mwongozo huu umepangwa kwa msingi huo.

Hatua ya kwanza: kalitazame ziwa siku mbaya

Usiende kuchagua mahali siku ya utulivu wa Desemba. Nenda kati ya Juni na Agosti, wakati upepo wa kusini-mashariki unaoitwa mwera umekaza. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 580 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Maana yake mawimbi yanayopiga ufukwe wetu yamesukumwa na upepo kwa mamia ya kilomita bila kizuizi. Ukisimama ufukweni siku hiyo ukaona povu linavunjika pale ulipotaka kufunga boti, umeshapata jibu lako. Tafuta kona ambayo mlima au rasi inaikinga upande wa kusini-mashariki, kisha muulize mvuvi mzee wa hapo mitumbwi inakimbilia wapi upepo ukichafuka. Mimi hufuata majibu yake kuliko ramani, na wewe nakushauri hivyo hivyo.

Kaa mbali na midomo ya mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka na mchanga mwingi. Bandari ya Itungi imehangaika na mchanga huo kwa miaka. Wakati wa mvua mito hiyo huleta magogo mazima, na ndiko mamba na viboko wanakopenda kukaa.

Upande wa mlimani una hatari nyingine: kina kinaporomoka ghafla. Ziwa lina zaidi ya mita 700 mahali penye kina kirefu, na chini ya milima ya Livingstone unaweza kupiga kasia chache tu ukakosa sakafu kabisa. Unachotaka ni mchanga mgumu wenye kina cha mita nne hadi sita. Pima kwa kamba yenye jiwe. Kumbuka kwamba maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa mwaka kwa kama mita moja: yanakuwa juu mwishoni mwa mvua, mwezi wa nne na wa tano, na chini kabisa mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Ukipima Mei, toa mita moja na nusu ndipo ufanye hesabu ya mkuku wako, yaani ule uti wa chini kabisa wa boti.

(Watu wa Iringa huniuliza kuhusu Mtera. Kuvua na kutembea, sawa. Ila bwawa lile hupanda na kushuka mno, na kuna visiki vya miti iliyozama. Boti ya kulala siwezi kuiacha pale peke yake siku tano.)

Hatua ya pili: ongea na wenyeji kabla ya kununua msumari

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo huo, ambacho kila mtu anakiita BMU. Waoneshe unapotaka kufunga. Wao ndio wanajua nyavu hupita wapi na wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, hutandaza taa zao wapi usiku wa giza. Boti iliyofungwa katikati ya njia ya nyavu itachukiwa, na boti inayochukiwa haina mlinzi.

Kisha nenda TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa usajili na ukaguzi wa chombo. Hao ndio wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, hata vidogo. Ukitaka kufunga karibu na eneo la bandari, muulize pia msimamizi wa bandari. Na usijenge chochote cha kudumu ufukweni, iwe banda au gati: sheria inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mpaka wa kimataifa nao heshimu. Wikiendi tembea upande wetu, Ikombe, Lumbila, Lupingu. Kuvuka kwenda nchi jirani ni safari ya uhamiaji.

Hatua ya tatu: boti yenyewe

Mita sita hadi nane zinatosha watu wawili wazima na watoto wawili. Ikizidi hapo huwezi kuitoa majini kwa magogo na watu kumi na wawili, na kuitoa utalazimika. Ikiletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, angalia upana: ikivuka mita mbili na nusu, kona za kushukia Tukuyu na vibali vya barabarani vitakusumbua.

Faiba ni rahisi kutunza. Yetu ni ya mbao, imejengwa ufukweni, na naipenda, lakini lazima nikwambie ukweli kuhusu mbao kwenye maji baridi. Maji chumvi huhifadhi mbao. Maji ya mvua huzioza. Funza wa baharini wanaotoboa vyombo vya Pwani hawapo Nyasa, na hilo ni jema, ila kuoza kunaanzia juu, pale mvua inapotuama kwenye kona za sitaha na chini ya fremu za madirisha. Mbao za paini za Mufindi ni nafuu na zinafaa kwa makabati na vitanda vya ndani. Usizitumie kwenye mwili wa chombo.

Kwenye injini badilisha kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji: kile kipande cha madini kinacholiwa na kutu badala ya injini. Injini nyingi huja na cha zinki, kilichokusudiwa maji chumvi. Kwenye maji baridi zinki haifanyi kazi vizuri. Agiza cha magnesiamu.

Hatua ya nne: nanga ya kudumu

Hapa ndipo nataka usome taratibu, maana hapa ndipo boti hupotea.

Nanga ya kawaida unayobeba ni ya kusimamia mchana ukila samaki. Ya kuachia boti siku tano ni uzito unaozamishwa ukakaa. Zege ndilo rahisi kupata, lakini lina udanganyifu: likiwa majini hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Pipa la lita 200 likijazwa zege lina uzito wa kama kilo 480 nchi kavu. Chini ya maji limebaki kilo 280. Tena pipa zima ni duara, litabiringika. Sisi tulikata mapipa kwa urefu, tukapata nusu mapipa kama mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Kila moja lilijazwa zege la kokoto, katikati likapigwa ringi ya nondo ya milimita 25 iliyokunjwa na kufungwa kwa nondo nyingine za kukatisha ndani. Manne ya hivyo ni kama kilo 960, na majini yanabaki kilo 560 hivi. Kwa boti yetu ya mita saba yanatosha. Chini ya hapo nisingelala usingizi.

Utayafikishaje kwenye kina? Acha zege likomae wiki nne, kisha libiringishe hadi kwenye maji ya kifua. Nusu pipa la kilo 240 likizama lina uzito wa kilo 140 tu, na pipa tupu la lita 200 lililozibwa vizuri linaweza kuelea na kubeba karibu kilo 180. Kwa hiyo funga zege chini ya pipa tupu kwa kamba fupi, livute kwa mtumbwi hadi mahali, kisha kata kamba. Anayekata awe peke yake upande ule, miguu yake na ya wenzake iwe mbali na kamba na minyororo yote. Rudia mara nne. Kamba ya kuyaunganisha ni marufuku: mapande yote manne yaunganishwe kwa mnyororo mzito, unene wa milimita 16, kabla ya kuzamisha la mwisho.

Kutoka hapo panda kwa mnyororo wa milimita 12 hadi kwenye boya. Urefu wa minyororo yote uwe mara tatu ya kina cha maji yakiwa juu: kina cha mita tano, mnyororo wa mita 15. Uzito wa mnyororo uliolala mchangani ndio unaomeza mvuto wa wimbi kabla haujafika kwenye zege. Weka kiungo kinachozunguka chini kidogo ya boya, la sivyo boti ikizungukazunguka na upepo mnyororo utajisokota kama ukili.

Shakeli zote, yaani pingu zenye pini za kuunganishia minyororo, ziwe za chuma kile kile cha mnyororo, yaani chuma chenye mabati. Ukichanganya na chuma kisichoshika kutu, kimoja kitamla mwenzake. Pini ya kila shakeli ifungwe kwa waya usioweza kufunguka, mizunguko mitatu. Mara moja kwa mwezi piga mbizi au mpe kijana anayejua, ashike kila shakeli kwa vidole. Pini nzima ni duara laini. Iliyolika ina kiuno, unakisikia kabisa kidole kinapodumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mnyororo. Ikifika theluthi imeliwa, badilisha siku hiyo hiyo.

Kutoka boya hadi omo ya boti, yaani mbele yake, tumia kamba mbili za nailoni za milimita 18 au zaidi. Nailoni hunyooka kama mpira na kumeza mshtuko. Ile kamba ya plastiki ya bluu ya sokoni hainyooki, na jua huifanya majivu.

Julai ya mwaka wetu wa pili simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa mzee mmoja mvuvi. “Mwanangu,” akasema, “boti yenu imelala mchangani.” Nikamwuliza, “Shikamoo baba, imevunjika?” Akaitikia marahaba, akasema njooni na fundi. Tulikuta mbao tatu zimepasuka upande wa kushoto. Zege lilikuwa pale pale, mnyororo mzima, shakeli zote salama. Kilichokatika ni kamba, moja tu tuliyokuwa tumeweka, na ilikatika pale ilipopita juu ya ukingo wa mbao kwenye omo. Siku mbili za mwera ziliisugua hadi uzi wa mwisho. Ncha yake ilikuwa imesambaa kama brashi ya chokaa. Kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, nusu mita, kingeizuia. Leo kila kamba yetu imevaa mpira huo pale inapogusa mbao, na kila Jumapili tunausogeza kidogo kutazama chini yake.

Na tangu mwaka ule, katikati ya Juni boti inatolewa majini, inarudi mwishoni mwa Agosti. Wapo wanaoacha yao majini mwaka mzima. Mimi siwashauri, na miezi hiyo ndiyo ya kupaka rangi na kukalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao.

Hatua ya tano: mtu wa kuiangalia

Mwangalizi ni sehemu ya nanga. Chagua mtu anayeishi mahali anapoiona boti akiamka asubuhi, ambaye ana mtumbwi wake mwenyewe. Mlipe kila mwezi kwa tarehe moja isiyobadilika, hata mwezi ambao hukuja. Andikeni kazi zake: aifikie boti mara mbili kwa wiki na baada ya kila dhoruba, atazame kamba, afungue ngama (sakafu ya chini kabisa maji yanapokusanyika) aone maji, apige picha moja akutumie. Asiwe na ruhusa ya kuvulia boti, na hilo lisemwe mbele ya mwenyekiti ili lisilete maneno baadaye. Ukifika Ijumaa, msalimie kabla ya kutazama chombo. Neno “ndaga fijo”, asante sana, kwa Mnyakyusa aliyeamka usiku wa mvua kwa ajili ya mali yako ni deni.

Hatua ya sita: mvua, umeme na hewa

Kyela, wilaya ilipo Matema, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Piga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Sitaha ya mita za mraba 15 isiyofunikwa, usiku mmoja wa milimita 50, ni lita 750, yaani robo tatu ya tani ndani ya boti yako wakati wewe uko ofisini Mbeya. Kwa hiyo mambo mawili: turubai lililovutwa kwa mwinamo ili maji yasituame, na pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe maji yakipanda, iliyounganishwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake. Swichi kuu ukiizima, pampu ibaki hai.

Paneli ya sola ya wati 100 kwa jua la kawaida hukupa kama wati-saa 350 hadi 400 kwa siku. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 usiitumie chini ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 600. Taa, simu na taa nyeupe ya kuwaka usiku kucha juu ya mlingoti havifiki 100. Friji ndogo peke yake inakula 400 au zaidi, sisi tumeiacha. Tuna chungu cha Wakisi, kilichofinyangwa Ikombe na kununuliwa kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo. Kimekaa kwenye ngata ya kamba kuukuu pembeni ya mlango, upepo unakipiga, jasho linatoka tumboni mwake, na maji yake saa nane mchana yanasisimua meno.

Hewa ipite hata boti ikiwa imefungwa. Toboa matundu mawili yenye kofia, moja omo na jingine tezi, yaani nyuma. Godoro liwe juu ya chaga, na ukiondoka lisimamishe kwa ubavu. Godoro lililolazwa kwenye ubao mtupu hupata ukungu mweusi ndani ya wiki mbili.

Hatua ya saba: kupika, choo na afya

Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata likiwa limebaki makaa machache ya kupashia moto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na chumba cha boti ni kidogo kuliko vyumba vilivyoua familia nyumbani. Gesi na mvuke wa petroli navyo ni vizito kuliko hewa. Vikivuja huzama kwenye ngama na kusubiri cheche. Mtungi wa gesi na dumu la petroli vikae nje sitahani, na kabla ya kuwasha injini fungua ngama unuse. Jaketi za kuokolea maisha ziwe idadi ya watu, za watoto ziwe za saizi yao, na mtoto avae tangu kwenye mtumbwi wa kuvukia.

Choo: usimwage ziwani. Watu wanachota maji ya kunywa pale pale, na Kyela inaijua kipindupindu. Ndoo yenye mfuniko na pumba za mpunga, ambazo Ipinda zimejaa kwenye kila mashine, inatosha kabisa. Kila ukitumia, mimina kopo la pumba na majivu kidogo, na Jumapili imwage kwenye choo cha shimo nchi kavu. Haitoi harufu, ukishika utaratibu huo.

Maji ya kunywa chemsha. Sisi tunaotoka kwenye baridi tunasahau malaria: laleni ndani ya chandarua hata majini, na homa ikija wiki moja au mbili baada ya kurudi Mbeya mwambie daktari ulilala Kyela. Kichocho kipo, konokono wake hukaa kwenye maji ya pembeni, kwa hiyo ogelea kutoka kwenye boti penye kina, na upime mara moja kwa mwaka. Ukiona wingu kama moshi linainuka ziwani, ni wadudu. Funga madirisha na uzime taa hadi lipite.

Hatua ya nane: kuondoka Jumapili

Ondoka saa nane, si saa kumi na moja. Barabara ya mlimani usiku na ukungu si ya kuchezea. Anza saa sita: fagia, toa chakula chote, kausha sitaha, simamisha godoro. Funga vali zote zinazopitisha maji chini ya mstari wa maji. Mimina ndoo moja kwenye ngama uone pampu inajiwasha na kujizima. Zima swichi kuu. Sogeza ile mipira kwenye kamba, tazama nyuzi. Vuta turubai.

Ukishafika ufukweni, kabla hujawasha gari, simama mahali pale pale unaposimama kila mara. Sisi tunasimama kwenye mwembe mmoja. Kutoka hapo boya letu linalingana na ufa mweupe wa mwamba mlimani. Piga picha. Ijumaa ijayo, kabla hata hujaita mtumbwi, simama hapo tena: kama boya limehama kutoka kwenye ule ufa, zege limetembea, na usiku huo usilale humo hadi umezamia kuangalia.